Mama si Chanzo

Ghala ninalolinda pale Ipuli lina kufuli tatu,
mbili za Kichina, na moja ya marehemu bosi
ambayo ufunguo wake hakuna aujuaye ulipo.
Tumbaku imekwisha kwenda. Nalinda harufu.

Saa saba usiku, kwa kifurushi cha mia tano,
naingia nyumba isiyo na kufuli hata moja:
kamusi elezo, ambamo mtu yeyote
anaweza kuvua viatu, kuingia, kuhamisha kiti.

Nilikitafuta kijiji chetu, nikakikuta
kimelala katika sentensi mbili.
Itobela ni kijiji cha Mkoa wa Tabora.
Kisha idadi ya wakazi, ya sensa ya zamani;
wengine wao nimewabeba mwenyewe hadi makaburini.
Chini kabisa: makala hii bado ni mbegu.

Mbegu! Mtoto wa mkulima ukimwambia hivyo
umeshamtuma shambani.
Nikaandika kwa kidole gumba, nikifuta, nikirudia
(simu hii hupenda kugeuza kisima kuwa kusoma):
Kisima cha kijiji kilichimbwa na wanawake
mwaka wa operesheni, wanaume walipokuwa
bado wanabishana nyumba zitazame wapi.

Asubuhi sentensi haikuwepo.
Haikuibwa; wizi naujua, ndio unaonilipa mshahara.
Iliondolewa, na aliyeiondoa akaacha jina,
Mchwa wa Kasulu, na maneno mawili:
Hakuna chanzo.

Nikairudisha. Akaiondoa.
Nikairudisha kwa mkwara. Akaiondoa kwa salamu.
Siku ya tatu akauliza: Ndugu, umeyatoa wapi haya?
Nikajibu ukweli: Kwa mama.
Akakaa kimya dakika kumi na moja,
kisha akaandika:
Samahani sana. Mama si chanzo.

Jumapili nikamsomea. Alikuwa anamenya viazi vya michembe,
kisu hakikusimama.
"Mwambie," akasema, "kama mimi si chanzo,
wewe umetoka wapi?"
Akacheka mpaka Nyamizi akavuka uzio kuuliza kuna nini,
akaambiwa, wakaanza upya wote wawili,
mimi nimekaa na simu yangu kama mshitakiwa.
Halafu akanyamaza.
"Tuliandika," akasema. "Saruji ilipokuwa mbichi.
Wande ndiye aliyejua herufi."

Ukingo wa kisima umevaa kuvu.
Nikasugua kwa gunzi la mahindi,
yakatoka moja moja, kama watu wanaoamshwa:
KALUNDE, ndiye mama.
MWASHI.
NYANZALA, kila N ikitazama nyuma.
WANDE, kubwa kuliko yote, haki ya mwandishi.
Na moja lililokatwa na ufa: MILE
"Milembe," mama akawahi,
"alikufa kwa uzazi mwaka uleule,"
kama mtu anayewahi kabla halijafutwa.

Nikapiga picha, kivuli changu kimo.
Usiku ilipofika asilimia tisini kifurushi kikaisha. Nikakopa.
Mchwa akaichunguza siku mbili:
saruji inataja majina, haisemi nani alichimba.
Ni kweli. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.
Tukapatana hivi: Kwenye ukingo wa kisima yameandikwa
majina ya wanawake watano na mwaka 1974.
Kuchimba tumemwachia msomaji.

"Wamekubali?" mama akauliza.
"Nusu."
"Na Milembe?"
Nikamwonyesha. Mile, kisha mabano ya mraba,
na ndani yake zile herufi zilizomezwa na ufa.
Kayaweka Mchwa, saa tisa usiku, bila kuombwa.
Hakuweka chanzo.

Mama hasomi. Akaligusa jina
kwa kidole chenye utomvu wa viazi;
kidole kikateleza hadi kwenye kile kikalamu cha pembeni,
na ukurasa wote ukafunguka mbele yake,
mweupe, kijistari kikiwaka na kuzima,
kikimsubiri aseme.